Mlango wa Kutokea: Mhadhara Kuhusu Lugha za Kutengenezea Gemu



Swali nililoletewa ni fupi, na wengi wenu mmeshalibishania hadi sauti zikakauka. Mtu anataka kutengeneza gemu ya kompyuta kwa kujifurahisha. Hana kampuni, hana wa kumlipa, ana saa moja moja za usiku watoto wakishalala. Aandike kwa lugha gani? Mmoja atamwambia C++, kwa sababu ndiko waliko wakubwa. Mwingine atamwambia Python, kwa sababu inasomeka bila jasho. Wa tatu amesoma habari za Rust juzi na sasa hasikii la mtu.

Ukiwasikiliza vizuri, wote watatu wanazungumzia kuingia: lugha ipi ni rahisi kuianza, ipi ina heshima mbele za watu, ipi inakuzuia kufanya makosa. Hakuna anayeuliza gemu ikishakamilika itamfikiaje mchezaji. Mimi nasema kila lugha ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mtu wa saa moja kila usiku hukwama zaidi kwenye huo wa pili. Basi auchunguze huo kwanza, kabla hajaandika mstari hata mmoja.

Ili tusibaki hewani, nitatumia mfano mmoja: bao. Sisemi bao la kujifunza, lile la kete mbili mbili kila shimo. Nasema bao lenyewe la Kiswahili, mashimo 32 na kete 64, ambapo kila mchezaji huanza na nyumba yenye kete 6, mashimo mawili ya jirani yenye mbili mbili, na kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, sheria zake ni ngumu kiasi cha kuifanya lugha ionyeshe tabia yake. Pili, mchezaji wake tunamjua. Ana simu ya Android ya bei ya kawaida, ana bando la kuhesabu, na hana kompyuta ya kuchezea gemu. Ukimletea faili la Windows atakushukuru kwa adabu na hatalifungua kamwe.

Tuanze na historia kidogo, maana milango hii imefunguliwa na kufungwa mara nyingi machoni petu.

Wenye umri wangu mnazikumbuka gemu za faili la jar zilizopitishwa kwa infraredi na baadaye Bluetooth, simu mbili zimelazwa juu ya benchi, hakuna ruhusa ya kuzisogeza. Hizo ziliandikwa kwa Java. (Nyoka wa Nokia 6110, aliyetengenezwa na Taneli Armanto mwaka 1997, hakuwa miongoni mwao, yeye alizaliwa ndani ya simu.) Hakuna aliyechagua Java kwa simu zile kwa sababu ya uzuri wake. Simu nyingi za mwanzo za Nokia Series 40 zilikataa faili lililozidi kilobaiti 64, na kuandika gemu ndani ya nafasi hiyo kwa lugha yenye maneno mengi kama Java ni adhabu. Lakini simu ilikuwa na Java, na mfuko wa mchezaji ulikuwa na simu. Hoja ikaishia hapo.

Kwenye kompyuta mlango mpana wa wakati huo ulikuwa Flash, na lugha yake ActionScript. Ulifungua ukurasa, gemu ikaanza, hakuna cha kusakinisha. Mwaka 2010 Terry Cavanagh alitoa VVVVVV, gemu ya nahodha asiyeweza kuruka ila anaweza kugeuza mvutano wa ardhi, na aliiandika kwa Flash. Mwaka uliofuata Simon Roth akaihamishia C++. Adobe, kampuni iliyoimiliki Flash, iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na gemu kwa maelfu zikabaki bila pa kuchezewa, isipokuwa kwa juhudi za watu wa kuhifadhi kumbukumbu. VVVVVV inachezwa hadi leo. Waliokuwa na ustadi wa ActionScript uliofikia ubingwa walibaki na ubingwa usio na soko.

Linganisha na yaliyompata Eric Barone, Mmarekani aliyeitengeneza Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Alitumia C# juu ya XNA, maktaba ya Microsoft. Kampuni ikatangaza mwaka 2013 kwamba XNA haitaendelezwa tena, naye bado yuko katikati ya kazi. Gemu ilitoka Februari 2016, ikauzwa kwa mamilioni, na baadaye ikahamishiwa MonoGame, ambayo ni XNA iliyojengwa upya na watu wa nje na kuachwa wazi kwa yeyote. C# ilikuwa na milango mingine. Mmoja ulipofungwa watu wakachonga wa pili mahali palepale. ActionScript ilikuwa na mmoja tu wa maana.

Kwa hiyo katika kuuchunguza mlango wa kutokea, swali la kwanza ni unaelekea wapi, na la pili ni ufunguo ameshika nani. Mwaka 2023 hili la pili lilijitokeza kwa kelele. Tarehe 12 Septemba kampuni ya Unity, yenye injini ya kutengenezea gemu ya jina hilo, ilitangaza ada kwa kila mara gemu itakaposakinishwa, hadi senti 20 za dola, kwa gemu za leseni ya kawaida zilizopita mapato ya dola 200,000 kwa mwaka na usakinishaji 200,000. Mtu wa saa moja kila usiku hakuwa karibu na viwango hivyo hata kwa ndoto. Wengi wa kundi lake waliondoka vilevile, kwa kuwa walielewa kwamba masharti ya nyumba waliyopanga yanaweza kubadilishwa wakiwa ndani. Ada ilifutwa Septemba 2024, lakini waliohama wengi hawakurudi.

Walikohamia ni Godot, injini iliyoanzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na kuwekwa wazi mwaka 2014 kwa leseni ya MIT. Leseni hiyo inamaanisha kwamba hata waanzilishi wakiamka vibaya kesho, nakala uliyonayo ni yako. Godot ina lugha yake, GDScript, inayofanana na Python kwa sura. Ilikuja baada ya watengenezaji wake kujaribu Lua, Python na Squirrel na kutoridhika. Unaweza pia kuandika kwa C#, na hapa kuna mtego ninaoupenda kuuonyesha. Godot 4 ilipotoka Machi 2023, mradi wa GDScript uliweza kutolewa ukachezwa kwenye kivinjari. Mradi wa C# haukuweza. Injini ni ileile, picha zilezile, sauti zilezile, na lugha uliyochagua siku ya kwanza ndiyo inayoamua kama rafiki yako atacheza kwa kubofya kiungo au hatacheza. Mtu akikwambia lugha si hoja, hoja ni injini, mpe mfano huo.

Sasa turudi kwenye bao, tuone lugha inavyohisika mkononi. Hapa nitakaa kidogo.

Mashimo yako 16 yanafanya duara: unasambaza kete kwenye safu ya mbele, unageuka kwenye kona, unarudi kwa safu ya nyuma. Katika kompyuta hiyo ni orodha ya namba 16. Katika JavaScript, Python, C# na jamaa zao, nafasi ya kwanza ya orodha ni sifuri, kwa hiyo shimo linalofuata ni i jumlisha moja, kisha unachukua baki ya kugawa kwa 16. Ukifika 15, unaangukia 0, duara limefungwa. Katika Lua nafasi ya kwanza ni 1, kwa hiyo unachukua kwanza baki ya i kwa 16, ndipo unajumlisha moja. Shimo la mpinzani linalotazamana na lako la mbele, ikiwa kila mmoja anahesabu kutoka kushoto kwake, ni 7 kutoa i katika zile lugha nyingine, na 9 kutoa i katika Lua. Watu wamegombana miaka kwa jambo hili. Mimi naliona ni la siku mbili. Baada ya hapo mkono unazoea, na Lua inakulipa kwa udogo wake. Ilianza mwaka 1993 katika chuo kikuu cha kikatoliki cha Rio de Janeiro, kwa mikono ya Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, na toleo lake la 5.4 lina maneno 22 tu yaliyotengwa. Yote mengine ni majina unayoyatunga mwenyewe, nami nakushauri uyatunge kwa lugha ya bao: namua, takata, kimbi, nyumba. Ukisoma msimbo wako baada ya mwezi utajua unachosoma.

Ugumu wa kweli uko kwenye zamu yenyewe. Mchezaji ananamua kete moja, anakula zilizo mbele, anazipeleka kichwani, mwisho wa safu ya mbele, na kuanza kusambaza. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, zamu inaendelea. Anaweza kula tena, au akaokota na kusambaza tena. Ikiangukia shimo tupu, inalala. Kuandika hili kama hesabu tupu ni kazi ya jioni moja. Lakini ukiiandika hivyo, mchezaji akigusa shimo ubao utaruka mara moja kutoka hali ya kwanza hadi ya mwisho. Kete 30 zimetembea na hakuna aliyeziona. Hilo si bao. Raha ya bao ni kuiona kete ikidondoka moja moja na kuhesabu kwa macho kama itafika.

Basi zamu lazima igawanywe katika fremu. Skrini huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, yaani programu ina takriban milisekunde 16 kufanya kidogo, kuchora, na kuachia. Zamu inatakiwa isimame baada ya kila kete, na ikumbuke ilipoishia. Halafu kuna nyumba. Katika namua, kete ya mwisho ya zamu ya kula ikifikia nyumba yako iliyo hai, una hiari: usimame au usafiri, yaani uivunje nyumba na kuendelea. Hiari hiyo inatokea katikati ya zamu, kete zikiwa zimeshatembea. Programu lazima isimame, imuulize mtu, isubiri hata dakika tano akikuna kichwa, kisha iendelee palepale.

Lugha zinagawanyika hapa. Katika C kazi ikianza hukimbia hadi mwisho wake. Ili kuisimamisha katikati itabidi uivunje vipande na kuvipa namba: hali ya 1 inaokota, hali ya 2 inasambaza, hali ya 3 inasubiri jibu la nyumba, na kila fremu unauliza tuko hali gani. Inawezekana, na gemu nyingi nzuri zimeandikwa hivyo. Lua ina korotini: kazi inayoweza kusema naachia hapa, ikalala na vigeu vyake vyote, kisha ikaamshwa kwenye mstari uleule. JavaScript na GDScript zina neno await linalofanya jambo la namna hiyo. C# ndani ya Unity ina yield. Ukiwa na kitu hiki, msimbo wa zamu ya bao unasomeka jinsi mzee anavyoieleza kwa mdomo: dondosha kete, ngoja kidogo, dondosha nyingine, ukifika nyumba uliza, akisema safari endelea. Kwa gemu za zamu na maswali, mimi naipima lugha kwa hili kabla ya kasi yake.

Kasi nayo nitaisema, ila kwa ufupi, kwa sababu inasemwa kupita kiasi. Kusambaza kete hakuchoshi kompyuta yoyote iliyo hai. Chris Sawyer aliandika RollerCoaster Tycoon ya mwaka 1999 karibu yote kwa lugha ya assembly, iliyo karibu kabisa na lugha ya mashine yenyewe, kwa kuwa alitaka maelfu ya wageni watembee kwenye bustani moja ndani ya kompyuta za siku zile. Bao halina wageni. Mahali pekee panapohitaji nguvu ni pale simu inapokuwa mpinzani wako, inapochungulia hatua zako na zake kwa kina. Hapo Python, ambayo kwenye vitanzi vya hesabu huwa polepole kuliko C mara kumi kadhaa, itachungulia pafupi zaidi. JavaScript ya vivinjari vya leo ina kasi ya kutosha kabisa, na LÖVE, injini ndogo ya Lua, hutumia LuaJIT ambayo ni hodari. Kuna tahadhari moja isiyohusu lugha: zamu isiyolala si hadithi ya barazani, imeonyeshwa kwamba kete zikipangwa kwa namna fulani zinaweza kuzunguka bila mwisho. Weka kikomo, ama simu ya mchezaji itaganda nawe utalaumiwa.

Kabla sijarudi mlangoni, neno kuhusu aibu. Nimeona vijana wenye kipaji wakikaa miezi wakipanga madaraja ya msimbo wao, wakibadili lugha mara tatu, kwa hofu ya kuandika kitu kibaya. Mwaka 2020, VVVVVV ilipotimiza miaka kumi, Cavanagh aliuweka msimbo wake wazi. Ndani mlikuwa na kazi moja inayoendesha matukio ya gemu nzima kwa orodha ndefu ya hali zenye namba, mamia kwa mamia, namba zenyewe zikipanda hadi zaidi ya 4,000. Wataalamu walicheka, wengine wakashangaa. Watengenezaji wa gemu ya Celeste nao walitoa faili la mchezaji wao mkuu: mistari zaidi ya 5,000, faili moja. Undertale ya Toby Fox, iliyotoka 2015 kwa GameMaker, inajulikana kwa mazungumzo yake kukaa ndani ya mlolongo mmoja mrefu wa masharti. Gemu hizi tatu zimependwa duniani kote. Mchezaji haoni msimbo. Anahisi kama kibonyezo kinaitika papo hapo, basi.

Celeste ina jambo jingine la kutufaa. Ilianza mwaka 2015 kama gemu ndogo ya siku nne, ya Maddy Thorson na Noel Berry, kwenye PICO-8. Hiyo ni mashine ya kubuni isiyokuwepo kwa chuma: skrini ya nukta 128 kwa 128, rangi 16, lugha Lua, na kikomo kigumu cha ukubwa wa programu. Huko waligundua kama kupanda mlima kwa kuruka na kujirusha hewani kunaleta raha. Walipojua kunaleta, waliandika gemu kamili kwa C#, ikatoka Januari 2018 kwenye kompyuta na mashine za sebuleni. Walichagua lugha mara mbili, na kila mara kwa swali tofauti. Hata wewe unaweza. Bao la majaribio, la kujua tu kama sheria umezielewa, liandike kwa lugha yoyote uliyonayo kichwani, hata Python bila picha, herufi na namba tupu kwenye skrini nyeusi.

Haya, mlangoni. Bao lako limekamilika na unataka dada yako aliyeko Tanga au binamu aliyeko Muscat alicheze.

Ukiwa umeliandika kwa Python na Pygame, maktaba iliyopo tangu mwaka 2000, kwenye kompyuta yako litapendeza. Kulipeleka simuni kunahitaji vifaa vya ziada. Vipo, lakini nimeona wanafunzi wakitumia muda mwingi kwenye kufunga mzigo kuliko kwenye gemu. Simlaumu anayeanza na Python. Ninamwomba ajue mapema kwamba mlango wake ni mwembamba upande wa simu.

Godot inatoka vizuri kwenda Android. Programu yenyewe ya kuandikia ni ndogo kwa viwango vya injini, haihitaji gigabaiti kadhaa kama kwa Unity wala makumi ya gigabaiti kama kwa Unreal. Kuna hata toleo linaloendeshwa juu ya simu ya Android, na namfahamu zaidi ya mmoja asiye na laptopu anayelitumia. Lakini siku ya kutoa gemu utadaiwa kupakua violezo vya kutolea vinavyokaribia gigabaiti nzima, pamoja na vifaa vya Android. Wenye bando la kuhesabu wapange hiyo siku. Kisha duka la Google linataka dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi, iliyofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023, inatakiwa kwanza iwe na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla gemu haijaruhusiwa hadharani. Mwanzoni walidai 20. Hao 12 utawapata. Mtihani ni kuwafanya wasijitoe kabla ya siku kwisha. Unaweza pia kumtumia mtu faili la APK kwa WhatsApp, naye akutane na onyo la Android kwamba chanzo hakijulikani. Ndugu yako ataendelea. Asiyekujua ataacha, na ana haki.

Mlango wa tatu ni kivinjari, na kwa bao mimi ninauchagua huu. Mwaka 2014 kijana wa Kiitalia wa miaka 19, Gabriele Cirulli, alitengeneza 2048 kwa JavaScript katika mwisho wa wiki mmoja. Josh Wardle aliitengeneza Wordle kwa ajili ya mwenzi wake apendaye maneno, akaiweka kwenye ukurasa mmoja usio na tangazo wala usajili, na mwanzoni mwa 2022 New York Times ikainunua. Kila moja ilisafiri kwa kiungo. Kuna shindano la kila mwaka tangu 2012, js13kGames, linalotaka gemu nzima ya kivinjari isizidi kilobaiti 13 ikishabanwa. Bao la JavaScript lililoandikwa kwa mkono, bila injini, linaweza kukaa ndani ya nafasi hiyo, picha za mashimo zikiwa duara zinazochorwa na msimbo wenyewe. Godot nayo hutoka kwenda kivinjari, lakini inabeba injini yake nzima mgongoni: megabaiti kadhaa zitapakuliwa kabla shimo la kwanza halijaonekana. Kwa mtu aliyenunua bando la siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasubiri. Pa kuliweka bure papo, itch.io inapokea gemu za kivinjari bila malipo, nayo, kwa taarifa ya wapenzi wa Lua, imejengwa kwa lugha ya ukoo huo.

JavaScript ina vituko, sitavificha. Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 kwa siku kumi, na haraka hiyo inaonekana hadi leo. Ukisoma idadi ya kete kutoka kwenye ukurasa, lugha inaweza kukupa maandishi badala ya namba. Ukiongeza kete moja kwenye shimo lenye tatu, unapata 31, kwa sababu imeunganisha tarakimu badala ya kujumlisha. Shimo linajaa ghafla na hakuna ujumbe wa kosa. Katika Rust mstari huo usingepita kompaila hata kidogo. Hiyo ni gharama halisi, nami nailipa kwa hiari, maana kosa hilo nitalikuta nyumbani kwangu na kulirekebisha, ilhali mlango mwembamba nisingeweza kuupanua kwa ustadi wowote.

Kama unachotaka si bao bali gemu ya mbio na mapigano yenye sauti na picha nyingi, chukua Godot na GDScript, ukubali mzigo wake. Kama unapenda kuandika msimbo wenyewe kuliko kuburuta vitu kwenye skrini, na wachezaji wako wana kompyuta, Lua na LÖVE hazijakutupa. Balatro ya mwaka 2024, ya mtu mmoja wa Kanada anayeficha jina lake, iliandikwa hivyo na ikauza nakala zaidi ya milioni moja ndani ya mwezi wa kwanza, kisha mwaka uleule ikafika simuni. Na kama raha yako iko kwenye injini yenyewe, kujua kila baiti inakaa wapi, nenda C++ au Rust kwa moyo mweupe. Ila jiambie wazi kwamba unatengeneza injini. Watu wa Rust wenyewe hutaniana kwamba lugha yao ina injini nyingi kuliko gemu.

Atakayelianza bao usiku wa leo asianze na picha. Aweke orodha mbili za mashimo 16, namba mbili za kete zilizoko mkononi, na kazi ya kusambaza. Sheria za nchi na nchi, hata mtaa na mtaa, zinatofautiana, hivyo achague za mahali pamoja na kuzifuata. Alex de Voogt, Mholanzi aliyeandika tasnifu yake ya Leiden mwaka 1995 juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar, ameziandika za huko kwa uangalifu. Sheria ya kutakasia aiache mwisho kabisa, ina masharti juu ya masharti. Na baada ya kila kete kudondoka, programu ijumlishe orodha zote mbili, kete za mkononi, na zile zilizookotwa ambazo bado ziko hewani. Jumla iwe 64. Ikitoka 63, umemeza kete kwenye kona ya kimbi, pale safu mbili zinapokutana, nenda kaangalie ile hesabu ya baki. Ikitoka 91, ni JavaScript imeunganisha 3 na 1, na unajua pa kutazama.